Vijiti, vitalu, abakasi au kadi? Kuchagua zana ya kufundishia thamani ya nafasi

Mtoto akiambiwa aandike mia tatu na tano akaandika 3005, hakuacha kitu: ameandika 300, halafu 5, kama alivyosikia. Mwingine anaandika 43 sawasawa, lakini ukimwuliza ile 4 ni ngapi anakujibu "nne" bila kusita. Wote wawili wanahitaji vitu vya kushika mkononi, ila si vitu vilevile.

Thamani ya nafasi ina mambo mawili ndani yake. La kwanza ni kwamba vitu kumi vinaweza kuhesabiwa kama kitu kimoja bila kuacha kuwa kumi. La pili ni kwamba tarakimu hupata thamani kutokana na mahali ilipoandikwa. Vijiti na vitalu hufundisha la kwanza. Abakasi ya shanga, visahani na kadi zilizoandikwa namba hufundisha la pili. Hakuna zana inayofundisha yote mawili kwa uzuri uleule, na makosa mengi huanzia pale zana ya jambo la pili inapoletwa wakati la kwanza bado halijakaa.

Pima kabla ya kuchagua

Mpe mtoto vihesabio 16, viwe vizibo, mbegu au vifungo. Avihesabu, kisha aandike 16. Zungushia tarakimu 6, umwombe akuonyeshe vihesabio vya hiyo 6. Atatenga sita. Sasa zungushia 1, umwulize vilevile. Wengi huinua kihesabio kimoja, na tisa vinabaki mezani bila mwenyewe. Usimkatize, mwulize tu, "Na hivi vingine je?" Constance Kamii, mtafiti wa elimu ya watoto nchini Marekani, alilitumia sana swali la namna hii, na linafichua mengi kuliko kumtaka mtoto ataje "nafasi ya makumi", maneno anayoweza kuyakariri bila kuyaelewa.

Aliyeinua kimoja aanze na vijiti. Aliyetenga kumi anaweza kwenda moja kwa moja kwenye vitalu. Aliyeshindwa hata kuhesabu vihesabio hivyo 16, akigusa kimoja mara mbili na kuruka kingine, bado si wa zana yoyote kati ya hizi. Mchoree fremu ya kumi, yaani visanduku kumi katika safu mbili za tano tano, aweke kihesabio kimoja kimoja ndani yake mpaka afike mahali pa kuona nane na kusema "nane, bado viwili ijae" pasipo kuhesabu upya.

Zana tano kwa pamoja

| Zana | Nani anaunda kumi? | Kumi inaonekana kubwa kuliko moja? | Nafasi ina kazi? | Inafaa hadi |
|---|---|---|---|---|
| Vijiti vya kufunga | Mtoto | Ndiyo | Kwa kutumia chati tu | 100 hivi |
| Vitalu vya makumi | Mtengenezaji | Ndiyo, mara kumi kamili | Kwa kutumia chati tu | 1,000 hivi |
| Abakasi ya wima | Mtoto, kwa makubaliano | Hapana | Ndiyo, ndiyo kila kitu | Maelfu na zaidi |
| Visahani vya thamani | Maandishi juu yake | Hapana | Kidogo | Maelfu, hata desimali |
| Kadi za kupachika | Hakuna anayeunda | Hapana | Ndiyo | Maelfu |

Chati ya nafasi inayotajwa hapo ni karatasi iliyolazwa, ikapigwa mstari katikati: MAKUMI kushoto, MAMOJA kulia. Upande wa mamoja ukichorewa fremu ya kumi, mtoto ataona mwenyewe wakati fremu inapojaa. Tofauti hii ndogo hupunguza sana idadi ya mara unazolazimika kusema, "Hesabu tena."

Vijiti vya kufunga

Unahitaji vijiti 100 hadi 120 vya urefu wa sentimita 8 hadi 10, na rababendi 12. Mirija iliyokatwa nusu inafaa pia, ila huteleza, kwa hiyo rababendi izungushwe mara tatu. Mtoto anapewa lundo, tuseme vijiti 43, ahesabu kumi, afunge, ahesabu kumi tena, afunge, mpaka vibaki visivyotosha kufungwa. Ndipo anaviweka kwenye chati: mafungu manne kushoto, vijiti vitatu kulia, na tarakimu 4 na 3 chini yake.

Nguvu yote ya zana hii iko kwenye kile kitendo cha kufunga. Fungu lile amelifanya yeye, anajua ndani kuna kumi, na akitilia shaka atalifungua ahesabu. Hakuna zana nyingine katika orodha hii inayomruhusu kufanya hivyo.

Kuna mambo matatu yanayoharibika. Fungu linakuwa na vijiti tisa au kumi na moja, na hesabu yote inayofuata inakwenda kombo. Wazoeshe wawili wawili kubadilishana mafungu na kuyakagua kabla ya kuanza. La pili ni vidole vidogo kushindwa kuvuta rababendi. Mtoto asipigane nayo: badala ya kufunga, asimamishe vijiti kumi kumi ndani ya vikombe. La tatu ndilo zito. Anapoulizwa jumla ya mafungu manne na vijiti vitatu, mtoto anahesabu "moja, mbili, tatu, nne", kisha anaendelea kwenye vijiti "tano, sita, saba", na jibu linakuwa 7. Hapo fungu kwake limekuwa kitu kimoja na kumi imepotea ndani yake. Fungua fungu moja, ahesabu vilivyomo, lifunge tena, halafu ahesabu akigusa: kumi, ishirini, thelathini, arobaini, arobaini na moja, na mbili, na tatu.

Majina ya makumi yenyewe yanahitaji msaada. Kumi na tatu inajieleza, lakini hakuna kinachomwonyesha mtoto kwamba arobaini ina nne ndani yake, wala hamsini ina tano. Kwa wiki kadhaa za mwanzo taja namba kwa njia mbili, "arobaini na tatu, makumi manne na mamoja matatu", na umtake naye ataje hivyo.

Udhaifu wa vijiti ni muda. Kufunga 43 kunakula dakika kadhaa, na ukipita mia moja meza haitoshi. Njia ya kupunguza mzigo ni kuifanya kazi ya kila siku: kila siku ya masomo kijiti kimoja kinaongezwa kwenye kopo la mamoja, siku ya kumi vyote kumi vinafungwa na kuhamia kopo la makumi, siku ya mia mafungu kumi yanafungwa pamoja. Haichukui dakika tatu. Lakini isiwe ndiyo somo lote, maana kufunga kunatokea mara moja tu katika siku kumi, na anayefunga ni mtoto mmoja.

Vitalu vya makumi

Hapa kumi imeshaungwa tayari. Kete ya moja ina sentimita 1 kila upande, ufito wa kumi ni 10 kwa 1, kibao cha mia ni 10 kwa 10, na mchemraba wa elfu ni 10 kwa 10 kwa 10. Zoltan Dienes, mwanahisabati aliyezaliwa Hungaria mwaka 1916, ndiye aliyevieneza sana, ingawa shanga za dhahabu za Maria Montessori wa Italia zilifuata wazo hilohilo mapema zaidi: shanga moja, mshikaki wa kumi, mraba wa mia, mchemraba wa elfu.

Kwa watoto wawili wanaojumlisha namba za tarakimu mbili, kete 20, fito 20 na vibao 2 vinatosha. Sababu ni hii: jumla kubwa kabisa ni 99 + 99, inayohitaji kete 18 na fito 18 kabla ya kubadilisha, na ufito mmoja zaidi baada ya kubadilisha kete kumi.

Unaweza kuvitengeneza kwa karatasi yenye miraba ya sentimita 1 iliyogundishwa juu ya manila. Karatasi moja ya A4 inatoa vibao vinne vya mia, viwili juu ya viwili, na sehemu ya chini inayobaki ya sentimita 9.7 inatoa fito 18, yaani safu tisa za fito mbili mbili. Kete za karatasi ni ndogo mno, hupeperuka mtu akipiga chafya. Zigundishe kwenye kadibodi nene au usikate fito kuwa kete kabisa, tumia vipande vya mbao au plastiki vya ukubwa huo. Kama kuna mtoto mchanga karibu, kete na shanga ziwe mbali naye, maana zinaingia kooni kwa urahisi.

Faida yake kubwa ni uwiano. 300 inaonekana nyingi kuliko 30 kwa macho tu, na mtoto anaweza kulaza kete kumi kando ya ufito akaona zinalingana. Mlazimishe afanye hivyo kila anapobadilisha katika siku za mwanzo, kwa sababu kosa la kawaida zaidi ni kuchukua ufito na kusahau kurudisha kete kumi. Namba imeongezeka kwa kumi na yeye hajui. Weka sahani ya "benki" katikati na kanuni moja: hutoki na kitu benki kabla hujaacha chenye thamani ileile.

Kosa la pili hukutana nalo ukifika maelfu. Mtoto anautazama mchemraba, anaona mraba wa mia kila upande, anahesabu pande sita na kusema mchemraba ni 600. Ni hitimisho la busara kabisa kwa mtu aliyezoea kuona uso wa kitu. Lirekebishe kwa kupanga vibao kumi, kimoja juu ya kingine, kando ya mchemraba mpaka vilingane kimo. Bila vibao kumi vya unene halisi onyesho hili haliwezekani, na hapo vitalu vya karatasi hushindwa.

La tatu ni la kimyakimya: mtoto amejifunza kwamba fito tatu na kete nne huandikwa 34 kwa sababu daima fito zilikuwa kushoto. Zipange kinyume, kete nne kushoto na fito tatu kulia. Akiandika 43, alikuwa anasoma mpangilio, hakuwa anasoma thamani.

Abakasi

Tahadhari ya kwanza ni wakati wa kununua, kwa kuwa zana mbili tofauti zinaitwa jina hili. Ile ya fremu yenye nyaya kumi za kulala na shanga kumi kila waya ni ya kuhesabu hadi 100. Kila shanga ndani yake ni moja, na waya wa chini hauna thamani kubwa kuliko wa juu. Ni nzuri kwa kuona tano tano na kumi kumi. Ya thamani ya nafasi ni ile yenye vijiti vya wima, kila kijiti na jina lake, na shanga za kuvisha.

Katika abakasi ya wima shanga zote zinalingana. Shanga ya mamia haina tofauti na ya mamoja ila mahali ilipokaa, na hivyo ndivyo tarakimu zilivyo kwenye karatasi. Kwa mtoto ambaye kumi imeshamkaa, hakuna zana inayoelezea sifuri vizuri zaidi: 305 ni shanga tatu, kijiti kitupu, shanga tano. Kijiti kitupu kipo, kinaonekana, na lazima kiandikwe. Yule wa 3005 anafaa kufika hapa. Kwa ambaye kumi haijamkaa, shanga zitakuwa shanga tu; 23 ataiona kama tano.

Chunguza kimo cha vijiti. Vinavyobeba shanga tisa tu humlazimisha mtoto kubadilisha: katika 8 + 5 anavisha moja, kijiti kinajaa, ya pili haiingii, anavua zote tisa, pamoja na ile ya mkononi ni kumi, anavisha moja kwenye makumi, kisha anamalizia tatu. Kwa kujumlisha ni mwalimu asiyechoka. Ukija kwenye kutoa kwa kukopa, kimo hichohicho kinakuwa kikwazo, kama utakavyoona hapa chini. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chukua vya shanga 20.

Mengine mawili: rangi tofauti kwa kila kijiti zinapendeza, lakini mtoto hujifunza "nyekundu ni mia" na akipewa shanga za rangi moja anapotea. Na usikae mkabala naye. Unachokiona wewe kuwa 52 yeye anakiona 25.

Visahani vya thamani

Ni miduara ya kipenyo cha sentimita 3 hivi, imeandikwa 1, 10, 100 au 1000. Ishirini kwa kila thamani. Ni rahisi kukata, hufika namba kubwa bila kujaza meza, na baadaye hutumika kwa desimali kwa kuandika 0.1. Ubaya ni kwamba thamani imeandikwa, mtoto anasoma badala ya kufikiri, na kwenye chati kunakuwa na ishara mbili zinazoweza kugombana: kisahani cha 10 kikidondoka safu ya mamoja, ni kipi cha kuaminiwa? Tungevileta baada ya vitalu, kwa namba za tarakimu tatu kwenda juu, na si kabla.

Kadi za kupachika

Hizi ni kadi 27: 1 hadi 9, 10 hadi 90, 100 hadi 900. Kimo cha zote ni sentimita 6. Upana ni sentimita 4 kwa mamoja, 8 kwa makumi, 12 kwa mamia. Ukilaza manila ya ukubwa wa A4, safu moja inatosha kadi ya mia, ya kumi na ya moja (jumla sentimita 24), na safu tatu zinaingia. Manila tatu, seti moja imekamilika. Andika kila tarakimu katikati ya sentimita zake 4, la sivyo hazitafunikana sawasawa. Hilo ndilo kosa la utengenezaji linaloharibu seti nyingi.

Kujenga 347, mtoto anachukua 300, anaweka 40 juu yake, kisha 7, kingo za kulia zikilingana. Sifuri zinafunikwa. Akivuta kadi, 300 + 40 + 7 zinatoka wazi. Kwa kosa la 3005 hii ndiyo dawa ya haraka: 5 inalala juu ya sifuri ya mwisho ya 300, na sifuri ya katikati inabaki ikionekana. Kadi hazionyeshi wingi hata kidogo, kwa hiyo zisitumike peke yake. Kila kadi iende na vitalu au mafungu yake.

Hesabu moja, zana tofauti: 42 − 17

Kwa vijiti, mtoto ana mafungu manne na vijiti viwili. Anahitaji kutoa saba, hana. Anafungua fungu moja: mafungu matatu, vijiti 12. Anatoa saba, vinabaki vitano. Anatoa fungu moja, yanabaki mawili. 25. Hakuna alichokopa popote, vitu ni vilevile.

Kwa vitalu anapeleka ufito benki, anarudi na kete kumi. Ni hatua moja ya imani zaidi, na ndipo wengine wanaporudi na kete tisa.

Kwa abakasi ya shanga tisa anavua shanga moja ya makumi na anatakiwa kuvisha kumi juu ya mbili zilizopo. Hazitoshi. Itabidi ashike kumi mkononi, atoe saba humo, avishe tatu zilizobaki: 2 + 3 = 5. Ni sahihi, lakini si njia atakayoiandika daftarini, na mtoto wa miaka saba akikutana na njia mbili kwa mara moja huchanganyikiwa. Visahani hufanya kama vitalu, bila ule ulinganifu wa ukubwa wa kumkumbusha akikosea. Kadi hazifai kwa hesabu hii, isipokuwa kuandika 42 upya kuwa 30 na 12, na 12 yenyewe haina kadi moja.

Kulingana na hali yako

Mtoto mmoja au wawili nyumbani: vijiti 100 na seti moja ya kadi. Vitalu vinaweza kusubiri mpaka afike mamia. Ukipewa abakasi ya wima bure, ipokee, uiweke kabatini kwa sasa.

Darasa la watoto 40: vijiti 100 kwa kila wawili ni vijiti 2,000, na kugawa na kukusanya kutameza nusu ya kipindi. Wape wanne wanne, vijiti 1,000 kwa makundi kumi, vikae tayari kwenye mifuko yenye idadi iliyoandikwa nje. Kadi zinaweza kuwa za wawili wawili, manila 60.

Mtoto mkubwa aliyekwama kwenye kubeba na kukopa: vitalu. Vijiti atavidharau kuwa vya darasa la awali, na kwa kweli hahitaji kufunga. Anahitaji kuona kubadilisha. Anayekosea sifuri pekee aende kwenye abakasi na kadi.

Mchezo mmoja wa zana zote

Dadu mbili, chati, na benki. Mtoto anarusha, anachukua mamoja kwa jumla ya dadu, na kila yanapofika kumi anabadilisha au anafunga. Wa kwanza kufika 100 anashinda. Wastani wa dadu mbili ni 7, kwa hiyo kila mchezaji anahitaji mirusho 15 hivi. Kwa vijiti ni mrefu, kwa vitalu unaenea ndani ya kipindi. Kisha ugeuze: waanze na kibao cha mia, waondoe kila wanachorusha mpaka 0. Mrusho wa kwanza tu unamlazimisha mtoto kuvunja mia kuwa makumi, na, asipopata 10 kamili, ufito mmoja kuwa kete, ndipo aweze kutoa chochote. Watoto walioshinda mchezo wa kupanda kwa urahisi mara nyingi hukwama hapo, na ukimwona aliyekwama, mrudishe kwenye vijiti vyenye rababendi kwa siku mbili tatu.

Zana ziondoke taratibu kupitia michoro: ufito unakuwa mstari, kete inakuwa nukta, 34 ni mistari mitatu na nukta nne. Usikubali mtoto achore vijisanduku kumi ndani ya kila mstari, maana atamaliza muda akipamba. Na kukopa kunachorwa kwa kufuta mstari mmoja na kuweka nukta kumi katika safu mbili za tano tano, zihesabike kwa kutazama.